Nusu Iliyobaki kwenye Msumari wa Tatu

Vijana wa karakana, mliniuliza kwa nini ukuta wa nyuma, karibu na pipa la mafuta, una misumari iliyotundikwa vipande vya chuma kilichovunjika, na kwa nini mlipotaka kuupaka rangi niliwakataza kwa ukali. Nilisema nitawaeleza siku nikiacha kazi. Nimeacha. Nimejaribu mara mbili kueleza kwa mdomo tukinywa chai, na mara zote mbili niliishia kuzungumza habari za breki. Basi naandika. Shule yangu iliishia darasa la tano, kwa hiyo msitafute maneno makubwa.

Sitaandika nani alipandishwa cheo. Katika karakana yetu ya Rumonge hapakuwa na cheo. Palikuwa na anayeshika koleo na anayeshika nyundo, na siku moja unajikuta umebadilishiwa mkono.

Niliingia mwaka wa Uhuru, majuma machache baada ya bendera mpya kupandishwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Karakana ilikuwa ya Mbelgiji mmoja, naye alikuwa ameondoka na masanduku mawili na mbwa wake, akamwachia funguo fundi wake wa kufua chuma, Mzee Sumaili. Mzee huyu alizaliwa hapa hapa Rumonge, mtaa wa Waswahili, lakini baba yake alitoka Kongo, upande wa Maniema, na ufundi wa moto ulitoka huko. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana na sauti ya chini. Hakupenda kurudia neno.

Siku ya kwanza hakunipa nyundo. Alinipa vipande viwili vya bamba la resori. Resori za jipu za siku zile zilikuwa mabamba marefu ya chuma yaliyopindwa na kupangwa moja juu ya jingine, kubwa juu, dogo chini. Akaniuliza, "Unaona nini?"

"Chuma iliyovunjika, Mzee."

"Hujaona kitu. Rudi kesho."

Kesho yake nikasema kimoja kimevunjika wima na kingine upande. Akaniambia nirudi kesho. Siku ya tatu nilikaa juani navyo nusu saa nzima, na hapo nikaona kwamba kidonda cha kimoja kilikuwa king'avu chote, kama chumvi, na kidonda cha kingine kilikuwa na doa jeusi pembeni, dogo kama ukucha wa kidole gumba, kisha sehemu iliyobaki ndiyo iliyong'aa.

"Sasa umeona," akasema. "Hiki king'avu kilikuwa kizima mpaka siku ya kuvunjika. Kilizidiwa na mzigo. Hiki chenye weusi kilitoka kwa fundi kikiwa na ufa. Ufa ulipata moto, ukapata hewa, ukawa mweusi. Mwenye gari alikuwa anatembea juu ya kosa la mtu mwingine na hakujua. Chuma haiwezi kusema uongo. Anayeisoma ndiye anaweza."

Nimeyasikia maneno hayo kila mwaka wa maisha yangu tangu siku ile.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuinua magari. Barabara ya kando ya ziwa ilipitika, lakini ukikunja kupanda Bugarama unakutana na mawe, vijito na mifereji ambayo mvua ilichimba katikati ya njia. Jipu kama zilivyotoka kiwandani zilisugua tumbo. Watu walitaka ziinuliwe, na mpaka leo wanataka. Mbelgiji aliacha stoo masanduku ya vifaa vya kuinulia, vilivyotoka Ulaya, kila sanduku na karatasi yake ya garanti, yaani dhamana, kwa Kifaransa. Bwana shamba mmoja resori zake zilikatika kabla ya mwezi wa tatu. Akaandika barua na kuambatisha karatasi yake. Jibu lilikuja baada ya mvua mbili kupita: garanti ilihusu barabara za kawaida, kwa hiyo tafadhali aeleze barabara ya Bugarama ni ya namna gani. Alikuja akatusomea. Mzee Sumaili akamwambia aandike kwamba ni ya kawaida sana, kwa kuwa sisi hatujui nyingine.

Masanduku yalipokwisha, tulifua wenyewe. Naandika namna yake kwa sababu ninyi mnafungua boksi tu na kufunga bulo na nati zake. Unachukua bamba la lori lililokufa, unalikata kwa urefu, unalitia moto na kulipinda zaidi kidogo kuliko yale ya gari. Ukilipasha kwa ajili ya kuligumisha, linatakiwa liwe na rangi ya chikichi lililoiva, lisifike manjano. Hapo unalizamisha ndani ya pipa la mawese, ubavu kwanza, bila kulitikisa. Halafu unalirudisha motoni polepole na kulisugua kwa kijiti kikavu, na kijiti kikianza kutoa cheche ndogo, unalitoa na kuliacha lipoe lenyewe. Mawese hupoza taratibu. Maji hupoza kwa ghafla, na chuma cha resori kikishtuliwa hupasuka kwa ndani. Mzee Sumaili hakuruhusu hata ndoo ya kunawia kukaa karibu na tanuri.

Na kipimo cha kuinua kilikuwa vidole vinne. Ukizidisha, kardani inayopeleka nguvu kwenye magurudumu inafanya kazi imepinda, mipira ya breki inavutika, na gari linataka kulala ubavu kwenye kona. Bwana mkubwa mmoja wa serikali mpya alikuja akataka shibiri nzima, maana kulikuwa na sherehe na alitaka watu wamwone anapofika. Mzee alikataa, yule akasisitiza, tukainua. Siku ya sherehe alikuwa amevaa vazi refu, akashindwa kushuka. Polisi wawili walimbeba wakamweka chini kama gunia la mihogo, watu wakapiga makofi wakidhani ndiyo heshima ya Uhuru. Kesho yake alikuwa mlangoni kwetu.

"Shusheni. Na iko garanti, msiniombe kitu."

"Garanti ni ya kuvunjika, Bwana mkubwa," Mzee akasema. "Chuma haikuvunjika."

"Na heshima yangu je?"

"Hiyo hatukuifua hapa."

Tulishusha hata hivyo.

Sasa nafika kwenye misumari. Baada ya ile barua ya Ulaya, Mzee Sumaili alisema garanti ya karatasi ni ya watu wanaosoma karatasi. Akaanzisha yake. Kila bamba tulilokata lilibaki na ncha. Ncha hiyo tuliigumisha mpaka ikawa kama kioo, tukaiweka juu ya fuawe na kuivunja kwa pigo moja. Nusu alipewa mwenye gari. Nusu ilitundikwa msumarini. Chuma kikivunjika hivyo, vidonda viwili vinaungana vyenyewe tu, huwezi kuvilinganisha na kingine chochote duniani. Bamba likikatika kabla ya masika mawili kupita, mteja analeta nusu yake na bamba lililokatika. Tunaunganisha nusu mbili mbele ya macho yake, kisha tunasoma kidonda cha bamba. Kikiwa na weusi, kosa ni letu, tunafua jingine siku hiyo hiyo, hata kama mfalme anasubiri. Kikiwa king'avu chote, ni mzigo, na mzigo wa kupita kiasi unaua garanti. Mteja anatupa nusu yake kwenye vyuma chakavu kwa mkono wake mwenyewe, nasi tunatupa yetu. Hapakuwa na barua.

Watu waliipenda desturi hiyo kuliko tulivyotegemea. Mama Zaina, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka Gitaza, alikuwa na kipikapu tulichokiinua ili kivuke vijito bila kulowesha samaki. Nusu yake aliifunga kwenye pindo la kitenge. Asubuhi moja aliingia, akaiweka mezani kwa kishindo.

"Amahoro, Mama Zaina," nikasema. "Resori imekatika?"

"Resori iko muzima. Ni bwana yangu ndiye ameharibika. Jana karudi kapindapinda kama hii kitu yenu. Nikasema, wacha nimupeleke kwa Sumaili, anaweza kumunyoosha."

Mzee hakuinua kichwa. "Alipakia nini?"

"Urwarwa ya ndizi, vibuyu vitatu."

"Basi ni mzigo. Garanti imekufa."

Mama Zaina alicheka mpaka akakaa chini. Kwa miaka mingi kila mlevi wa Rumonge aliyepita njiani akiyumba, watu walisema huyo garanti yake imekufa.

Ndivyo tulivyoishi miaka ile. Nilipata mke, nikabadilishiwa mkono kutoka nyundo kwenda koleo. Macho ya Mzee Sumaili yakaanza kufunikwa na ukungu mweupe. Kufua aliweza, kwa mazoea na kwa kusikiliza, lakini kusoma kidonda hakuweza tena. Aliniachia mimi. Alikuwa anashika kipande mkononi, ananinyooshea, anauliza lile lile swali la siku ya kwanza. Naye aliamini jibu langu kama alivyoamini macho yake ya zamani.

Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na mbili alikuja Melkiori. Alikuwa muuguzi katika dispansari, lakini sisi wote tulimwita Muganga. Mtu mrefu, mpole, wa kuongea huku akitazama chini. Alinunua jipu kuukuu ya Mzungu aliyehama, nayo ilisugua tumbo. Mama yake mzazi alikaa juu, upande wa Bugarama, na miguu yake ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia. Mtu wa kumhamisha alikuwa lazima apate gari, na gari lazima lifike mpaka kwenye ua.

"Hataki kushuka," Melkiori alituambia. "Anasema ziwa linanuka. Lakini nikiwa na gari inayofika, siku moja nitamubeba tu, hata akinitukana."

Wakati huo Mzee Sumaili alikuwa amevuka kwenda Uvira kwenye matanga ya dada yake. Nilikuwa peke yangu na tanuri kwa mara ya kwanza. Nilifurahi kuliko mtu anavyopaswa kufurahia msiba wa mwenzake. Nililikata bamba, nikalipinda vizuri, nikalipasha mpaka rangi ya chikichi. Nikageukia pipa, nikakuta mawese yamebaki chini, hayafiki kiganja. Mke wa Mzee alikuwa ameyachota kupikia sabuni za harusi ya binti yao. Na mimi sikuwa nimetazama kabla ya kuwasha moto.

Kiwanda cha kukamulia mawese kilikuwa mwendo wa nusu saa. Ziwa lilikuwa hatua arobaini. Melkiori alikuwa amekaa juu ya gogo akinisubiri, na nilitaka aone kwamba kijana wa Sumaili naye ni fundi. Nilichota ndoo mbili, nikajaza hodhi la mbao, nikazamisha.

Chuma kilipiga mluzi. Kisha nikasikia *tik*. Sauti ndogo, kama punje moja ya mahindi inayopasuka kwenye kikaango. Nilijiambia ni magamba ya moto yanayobanduka. Nililigeuza, sikuona kitu, nikalirudisha motoni, nikalifunga garini. Nikavunja ncha, nikampa Melkiori nusu yake, nyingine nikaitundika kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni. Akanishukuru kwa mikono miwili. "Murakoze, fundi. Murakoze cane."

Niliisikia ile *tik*. Nataka mlijue hilo. Wengine hukosea bila kusikia.

Mwezi haukuisha. Melkiori alirudi jipu imeinama upande mmoja, amesukumia gogo katikati ya chasi na ekseli, amefunga kwa kamba ya mkonge. Mzee alikuwa amesharudi kutoka Uvira, na pipa lilikuwa limejaa mawese. Tukaunganisha nusu mbili, zikashikana. Nikalitoa bamba, nikaligeuzia juani.

Doa lilikuwa jeusi, pana kuliko ukucha. Mtoto angeliona.

Mzee akanyoosha uso wake kuelekea kwangu. "Unaona nini?"

Nilitazama pipa. Nilitazama lile hodhi la mbao ambalo sikuwa nimelirudisha mahali pake. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na juma lililopita Mzee alikuwa ameniambia kwamba mwaka huu ataniachia tanuri.

"Mzigo, Mzee," nikasema.

Mzee alimgeukia Melkiori. "Muganga, ulipakia nini?"

"Mifuko miwili ya chumvi. Na mama mumoja mwenye uchungu, pamoja na dada yake." Melkiori alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta kosa lake kwa uaminifu. "Na pale kwenye kijito, ilipokatikia, palikuwa na maji mengi. Labda nilikimbiza."

"Kwa njia ile na mizigo ya namna hiyo, bamba letu halitakutosha," Mzee akasema, na alisema kwa kumtakia mema. "Nikikufulia jingine litakatika tena. Agiza Bujumbura resori nzito za kiwandani. Zitachukua majuma, lakini utatulia."

Mnaona jinsi ilivyokwenda. Mzee alitoa ushauri mzuri juu ya neno la uongo, na ushauri mzuri ndio uliomfunga Melkiori. Kama ningesema ukweli, desturi yetu ingetulazimisha kufua siku hiyo hiyo. Badala yake jipu iliinuliwa juu ya magogo uani kwetu, ikakaa ikisubiri.

Ilibaki kutupa vipande. Nilinyoosha mkono nikamwonyesha lundo la vyuma chakavu. Melkiori aliitazama nusu yake, akanitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona macho yake sawasawa.

"Hii nitakaa nayo kwanza," akasema.

"Imekufa, Muganga," Mzee akamwambia.

"Najua. Nitakaa nayo tu."

Akaitia mfukoni. Basi na mimi sikuitupa ya kwetu. Ilibaki msumarini.

Resori za Bujumbura zilikuwa bado hazijafika, na mvua kubwa zilikuwa bado zinanyesha, ilipoingia ile ambayo watu wa hapa wanaiita *ikiza*, yaani maangamizi. Sitaandika nani alianza na nani alimaliza. Wapo waliosoma wanaoandika hayo. Naandika nilichokiona kutoka karakana. Kwanza tulisikia risasi na makelele, na watu wa mtaa waliuawa ambao hawakuwa wamemkosea mtu. Tulijifungia. Halafu wanajeshi walifika, tukadhani imekwisha, kumbe ndiyo ilikuwa inageuka upande wa pili. Walimu walianza kuitwa ofisi ya komini kuandikishwa. Wauguzi pia. Waliokwenda hawakurudi kula chakula cha mchana.

Melkiori alikuja asubuhi, amevaa koti juu ya nguo za kazi, kana kwamba anakwenda zamu. Mzee alikuwa amekaa karibu na tanuri lisilowashwa. Mimi nilikuwa nafagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

"Amahoro, Mzee. Fundi, resori imefika?"

"Bado, Muganga," nikasema. "Magari hayatoki Bujumbura."

"Mama iko kule juu peke yake. Jirani wamekimbia. Ningempata yeye, ningemupakia na mke wangu na mutoto, tungeshuka Nyanza hadi mpaka wa Tanzania." Akaitazama jipu juu ya magogo. "Hata kuweka miti tena, haiwezekani?"

"Miti haitafika juu," Mzee akajibu. "Ile siku ulikuwa unashuka. Kupanda itakutupa bondeni."

"Kweli." Akanigeukia. "Hakuna namna nyingine, fundi?"

Aliniuliza mimi. Namna ilikuwapo. Pipa lilikuwa limejaa, mkaa ulikuwapo, bamba la lori lilikuwa limeegemea ukuta. Nilihitaji asubuhi moja. Mpaka leo nakumbuka hesabu niliyoifanya kichwani, na haikuwa hesabu ya hatari. Nilifikiri: nikisema naweza kufua leo likafaa, Mzee atauliza kwa nini leo linafaa na siku ile lilikuwa halifai. Hilo tu. Watu walikuwa wanachukuliwa barabarani, na mimi niliogopa swali la mzee mmoja kipofu.

"Hakuna, Muganga," nikasema.

"Haya. Nitakwenda kwa miguu."

"Usiende," Mzee akamwambia. "Vuka ziwa na mke wako. Leo."

"Nitamwambia nini mama, Mzee? Kwamba gari iliharibika?" Alisema kwa upole, akatabasamu kidogo. Alimshika Mzee mkono, kisha mimi. Akapita nyuma ya nyumba, akashika njia ya kupanda.

Siku ya pili mtu aliyeshuka kutoka huko alituambia. Walimkamata kwenye kijito, kile kile kilichovunja resori, wakampakia pamoja na wengine. Hakufika kwa mama yake. Yule mama alikutwa baadaye ndani ya nyumba yake. Hakuna aliyemgusa. Hakuwapo wa kumpa maji.

Nilipopata habari hiyo niliwasha tanuri. Mji ulikuwa kimya, moshi wetu ulikuwa pekee, na lilikuwa jambo la kijinga. Mzee hakunizuia. Nilikata, nikapinda, nikapasha, nikazamisha kwenye mawese. Chuma hakikupiga mluzi. Nilisugua kwa kijiti mpaka cheche, nikaacha kipoe, nikafunga, nikaondoa magogo. Jipu ikasimama sawa, vidole vinne juu. Jua lilikuwa kichwani.

Mzee aliniuliza kutoka pale alipokaa. "Lile la kwanza ulizamisha katika nini?"

"Katika maji ya ziwa, Mzee."

Hakunipiga, hakunifukuza. Adhana ya adhuhuri iliposikika, akainuka akaenda kutawadha. Aliishi miaka mingine saba nasi tulifanya kazi pamoja kila siku, alinifundisha mambo mengi mazuri, na hakuniuliza tena hata mara moja kwamba naona nini. Alipohitaji kusomewa kidonda, alimwita mpita njia.

Jipu walikuja kuichukua wanajeshi juma lile lile. Gari zima, limeinuliwa, na ufunguo ndani. Niliiona ikipita mara nyingi mwaka ule, ikipanda na kushuka, watu wamekaa sakafuni nyuma. Ilibeba mizigo mizito kuliko chumvi. Bamba langu halikukatika. Nilikuwa nasikiliza kila inapopita, na Mungu anisamehe, nilikuwa naliombea likatike.

Mke wa Melkiori, Mama Odeta, alihamia Gitaza kwa ndugu zake, akawa anaanika ndagala. Nilijua alipo tangu mwaka wa kwanza. Nilikwenda baada ya Mzee Sumaili kufariki, maana yake niliogopa miaka saba na zaidi. Nilimkuta kwenye vichanja vya kuanikia, anageuza samaki kwa ufagio mdogo, binti yake Odeta upande wa pili anafukuza kunguru. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: ndoo mbili, *tik*, doa jeusi, neno nililosema, na neno ambalo sikulisema asubuhi ile. Aliendelea kugeuza samaki mpaka nikamaliza.

"Baadaye uliifua," akasema. Mji mdogo, habari zinafika.

"Niliifua."

"Ilikuchukua siku ngapi?"

"Siku haikuisha, Mama Odeta. Asubuhi mpaka adhuhuri."

Ufagio ulisimama. Halafu akaenda mwisho wa kichanja, ambako wavu ulikuwa unapeperuka, akainua kitu kilichokuwa kimeukandamiza. Ilikuwa ile nusu. Melkiori aliiacha nyumbani siku aliyopanda. Imeliwa na kutu na chumvi ya samaki, lakini kidonda chake ningekitambua gizani.

Nilinyoosha mkono. Nilidhani ananipa, nami nikazitupe zote mbili kama desturi inavyotaka.

"Hapana," akasema. "Hii iko yangu. Bwana yangu alisema haijakufa."

Akairudisha juu ya wavu, akaukandamiza vizuri, akaendelea na kazi. Odeta alinisindikiza mpaka barabarani.

Mimi nimefua resori nyingi baada ya hapo, na kwa kila iliyorudi nilisema nilichokiona kabla mtu hajauliza. Wateja wengine walidhani ni tabia njema.

Ukuta pakeni rangi mkitaka, ila zungukeni ile misumari. Vipande vingine wenyewe wamekufa au wamesahau, mnaweza kuviondoa. Cha tatu kutoka mlangoni msikiguse. Mama Odeta hayupo tena, lakini Odeta ana watoto, na siku moja anaweza kutokea mtu kutoka Gitaza ameshika nusu ya chuma chenye kutu ambayo hata yeye hajui ni ya nini. Mkalisheni. Ziunganisheni mbele yake, zitashikana. Halafu mtengenezeeni gari lake, lolote liwe, siku hiyo hiyo, na msimuulize alipakia nini.